Kioo janja na jua la saa kumi

Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni mtumishi wa wizara, nilihamia Dodoma kutoka Dar, na mwaka jana tumeingia kwenye nyumba yetu Iyumbu, hizi za kisasa za paa la kuficha. Sebule ina dirisha kubwa la aluminiamu, upana mita 2.4, kwenda juu mita 1.5, linaangalia magharibi, barabarani. Wapita njia wanatuona hadi tunachokula, na jirani wa ng'ambo sasa amepandisha ghorofa. Jioni jua linaingia mpaka kochi halikaliki. Nikifunga pazia nzito tunakaa gizani na joto liko palepale. Kijana wa duka la vioo ametuonyesha kioo janja: anabonyeza remoti kinakuwa cheupe kama maziwa, anabonyeza tena kinang'aa, tunaona nje. Kuna cha kubandika kama stika, na kuna kioo chenyewe cha kubadilisha. Anasema kinazuia joto hadi kiyoyozi tutakisahau. Bei ni kubwa, lakini mume wangu amekipenda kweli. Je, anayosema ni kweli? Na umeme ukikatika inakuwaje? – Mama Ivan, Iyumbu.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kijana amekuambia ukweli nusu. Kioo kile kitawaficha. Joto hakitalizuia, au kitalizuia kidogo mno ukilinganisha na bei yake. Lakini usichukue neno langu na kwenda nalo kubishana na baba Ivan. Nendeni wote wawili dukani mkafanye jaribio la dakika tano.

Mwombeni kipande cha mfano, vile vidogo vya ukubwa wa daftari, pamoja na adapta yake. Vuteni ekstensheni hadi nje, saa tisa alasiri, jua likiwa kali. Mmoja akishike kipande kitazame jua, mwingine aweke nyuma ya kiganja karibu kabisa na kioo, upande wa kivulini, sentimita mbili au tatu. Kikiwa kinang'aa utasikia jua mkononi. Sasa kizimwe kiwe maziwa, uhesabu taratibu hadi ishirini. Jua bado utalisikia, limepoa kidogo tu. Angalia usije ukaushusha mkono chini mbali na kioo, maana hapo utaona joto limepungua sana na kijana atashangilia. Halijapungua. Limetawanyika, baadhi limeenda kushoto, baadhi kulia. Kwenye jaribio la nje linapotea hewani, lakini kwenye sebule yako litatawanyikia wapi? Litabaki humo humo ndani, ukutani, kwenye kapeti na kwenye hilo kochi.

Sababu iko kwenye namna kinavyofanya kazi. Ndani ya ule utando kuna plastiki yenye matone madogo sana ya kimiminika cha fuwele, jamii ya vile vilivyomo kwenye skrini za televisheni. Bila umeme, fuwele za kila tone zimeelekea upande wake, kama watu sokoni. Mwanga ukiingia unagongwa huku na huku, unatoka umevurugika, na jicho lako linaona weupe. Ukiwasha umeme, zote zinajipanga kuelekea upande mmoja na mwanga unapita moja kwa moja. Kwa hiyo kinachobadilika ni njia ya mwanga. Kiasi chake kinabaki karibu kilekile, maana sehemu kubwa inaendelea mbele kuingia ndani na sehemu ndogo tu ndiyo inarudishwa nje. Watengenezaji wengine huongeza tabaka la kuzuia miali ya joto, na hilo linasaidia, lakini linasaidia kioo kikiwa cheupe na kikiwa kinang'aa vilevile. Huo ujanja wa remoti hauhusiki.

Kipo kioo kingine ambacho kweli kinapunguza joto kwa kubonyeza kitufe, na nadhani ndicho kinachowachanganya wauzaji. Kama umewahi kusafiri na Dreamliner ya Air Tanzania, ile Boeing 787 ya kwanza iliyokuja mwaka 2018, utakumbuka dirisha lake halina kipazia cha kushusha. Chini yake kuna kitufe, ukibonyeza kioo kinaanza kuwa bluu pole pole, bluu iliyokolea, hadi jua linaonekana kama mwezi. Hicho ni kioo kinachobadilika rangi kwa umeme. Vile vya majengo kwa kawaida vina tabaka jembamba la oksidi ya tangsteni. Umeme mdogo wa volti chache unasukuma ayoni za lithiamu, yaani chembe ndogo sana zenye chaji ya umeme, lithiamu hii hii ya betri ya simu, ziingie kwenye tabaka hilo, nalo linageuka bluu. Ukigeuza umeme, zinatoka, na rangi inapotea. Kikishageuka kinakaa hivyo muda mrefu bila kula umeme wa maana. Kinachukua dakika kadhaa kubadilika, na kwa dirisha kubwa inaweza kufika dakika kumi au zaidi. Kikikolea kabisa, joto la jua linaloingia linaweza kushuka chini ya sehemu moja ya kumi.

Ungependa hicho? Hata mimi ningekipenda. Ila kina mambo mawili. Kwanza, hakifichi. Kinakuwa cha giza, hakiwi cheupe, kwa hiyo usiku taa zenu zikiwaka mtu wa barabarani ataendelea kuwaona. Pili, kinakuja kama kioo kamili cha tabaka mbili kilichofungwa kiwandani, pamoja na kidhibiti chake, kwa miradi mikubwa ya maofisi na hospitali. Nyumba ya mtu hapa Dodoma yenye kioo hicho sijaikuta. Na hata huko kwenye soko lake mambo si shwari: View, kampuni ya Marekani iliyokuwa kubwa sana kwenye biashara hiyo, iliomba kinga ya kufilisika mwaka 2024. Kioo cha namna hii bila mtu wa kukipa vipuri ni mzigo, hata kama kimelipiwa.

Sasa tuje kwenye jua lenyewe, maana hapo ndipo penye kesi.

Dodoma tuko nyuzi kama 6 kusini mwa ikweta. Jua linatupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 9 Oktoba. Kati ya hapo linayumba kidogo kaskazini na kidogo kusini, lakini mchana linakuwa juu siku zote. Ndiyo maana dirisha linaloangalia kaskazini au kusini halisumbui. Upenu wa sentimita 60 unalikinga sehemu kubwa. Dirisha la magharibi ni habari nyingine. Jua linalikuta likiwa limeshuka, linaliangalia usoni. Oktoba saa kumi jioni jua liko kama nyuzi 35 juu ya upeo. Saa kumi na moja liko kama nyuzi 20. Ukipiga hesabu, kukinga dirisha lako la mita 1.5 kwa upenu peke yake utahitaji upenu wa mita 2 na ushee kwa saa kumi, na zaidi ya mita 4 kwa saa kumi na moja. Huo si upenu tena, hilo ni banda la gari.

Na nyinyi wa paa la kuficha hata hizo sentimita 60 hamna. Sitaki kuwasema, nimezichora nyumba hizo mwenyewe, wateja wanazitaka na zinapendeza kwenye picha. Lakini ukuta unapanda wima hadi juu, bati limejificha nyuma yake, na dirisha linabaki kama mtu aliyetoka kichwa wazi.

Jua la jioni kwenye ukuta wa magharibi, mbingu zikiwa safi kama zetu za kiangazi, linaleta takriban wati 700 kwa kila mita ya mraba. Dirisha lako lina mita za mraba 3.6. Kioo cha kawaida kinapitisha karibu asilimia 80 ya joto hilo. Hiyo ni kama wati 2,000. Chukua pasi mbili za umeme, ziwashe zote, ziweke katikati ya sebule kuanzia saa tisa hadi saa kumi na mbili. Ndicho kinachoendelea hapo kwako kila siku ya kiangazi, na kiyoyozi cha kawaida cha chumba kinatumia sehemu kubwa ya nguvu zake kupambana na pasi hizo mbili tu, kabla hakijafikia joto la bati na la watu.

Umesema pazia nzito halisaidii. Halisaidii kwa sababu jua limeshaingia. Kioo kinapitisha mwanga wa jua, mwanga unagonga kitambaa, kitambaa kinapata moto, na joto linalotoka kwenye kitambaa kioo hakilipitishi kurudi nje. Linapanda juu ya pazia na kumwagika sebuleni. Ni kisa kilekile cha gari lililoegeshwa juani pale Majengo sokoni: vioo vimefungwa, jua linaingia, halitoki. Pazia lenye kitambaa cheupe kwa upande unaotazama nje ni afadhali kidogo, kwani baadhi ya mwanga hurudishwa ukiwa bado ni mwanga. Pazia la maruni au la bluu iliyoiva ni jiko.

Joto la jua lizuie nje, kabla halijagusa kioo. Likishapita kioo umeshindwa. Babu zetu Wagogo walilijua hili bila hesabu. Tembe ina ukuta wa udongo na paa la udongo, na matundu madogo ambayo mtu wa leo hawezi kuyaita madirisha. Nimelala kwenye tembe Mvumi nikiwa mdogo, na mchana wa Oktoba ndani mlikuwa na ubaridi wa mtungi wa maji. Simwambii mtu arudi kwenye tembe, na bibi mwenyewe alikuwa wa kwanza kufurahi alipoezekewa bati. Nasema tu kwamba ukuta ule haukuruhusu jua liingie halafu ndipo uanze kulihangaikia.

Kwa dirisha lako ningefanya hivi. Mwite fundi wa kuchomelea atengeneze fremu ya skweya paipu, pana kuliko dirisha kwa sentimita 30 kila upande, isimame mbele ya ukuta umbali wa sentimita 50 au 60. Iwe na bawaba upande mmoja ili uweze kuifungua ukiosha kioo. Ndani ya fremu panga vibao vya luva vilivyolala kidogo kuelekea chini kwa nje, au mianzi iliyopasuliwa, au kama mfuko umekaza, neti ya kivuli ile ya vitalu vya miche. Ile nafasi kati ya fremu na kioo usiizibe juu, maana hewa ya moto inatakiwa ipande itoke. Mianzi au vibao vikipata moto, vinapata moto huko nje, upepo unachukua.

Angalia sasa kinachotokea. Vibao vilivyolala kuelekea chini vinamruhusu mtu aliyekaa ndani kuona maua yako na kipande cha barabara. Mtu wa barabarani mchana anaona vibao na giza nyuma yake. Jirani wa ghorofani, anayetazama kutoka juu, anaona migongo ya vibao tu. Faragha uliyokuwa unaenda kuinunua kwa remoti imekuja yenyewe, na joto limebaki nje, na hakuna waya. Usiku ukiwasha taa utafunga pazia kama watu wote, na usiku pazia halina madhara kwa sababu hakuna jua.

Kama una subira na unapenda kitu cha kijani, simamisha kichanja wima cha waya na uoteshe mizabibu. Tuko Dodoma, zao hili linatukubali, na majani yake mapana ni luva ya Mungu. Lakini nisikudanganye: msimu wa kwanza usitegemee kivuli, mzabibu unataka maji ya kuanzia na dawa ya ukungu, na unapougonga mkasi wa kupogoa utakaa wiki kadhaa bila majani. Upogoaji usiuache ukaangukia wakati jua ndiyo limepamba moto. Mpasheni unapanda haraka zaidi, ingawa hauishi miaka mingi. Mwarobaini pia ni mzuri, ila upandwe mbali na msingi na mtasubiri.

Kama mume wako hataki kitu chochote mbele ya nyumba kiharibu sura, basi njia ya pili ni stika ya kukinga joto, ambayo si kioo janja. Zipo za kuzuia miali ya joto isiyoonekana huku zikiacha mwanga upite, wauzaji wanaziita za seramiki. Usiulize ni nyeusi kiasi gani, maana weusi na kuzuia joto ni vitu viwili. Ulizia namba inayoonyesha ni sehemu gani ya joto la jua inaingia ndani, iliyoandikwa kwenye karatasi ya mtengenezaji. Kioo chako cha sasa ni kama 0.8. Stika ikishindwa kukifikisha 0.4 au chini, kwa dirisha la magharibi haikufai. Muuzaji asiyekuwa na namba hiyo anakuuzia rangi.

Hapo kwenye stika niliwahi kuingia mkenge mimi mwenyewe. Mteja mmoja wa Nzuguni nilimruhusu abandike stika nyeusi tii kwenye kioo cha kawaida, dirisha la magharibi, nusu yake ikiwa kwenye kivuli cha nguzo ya kibaraza. Haikupita miezi miwili akanipigia Jumapili jioni: fundi, kioo kimejipasua, hakuna aliyekigusa. Nilienda. Ufa ulianzia ukingoni, ukaingia ndani sentimita chache umenyooka kabisa, halafu ukapinda kufuata mstari wa kivuli. Stika ilikuwa imemeza joto, katikati ya kioo ikatanuka, huku kingo zilizojificha ndani ya aluminiamu na upande wa kivulini zikiwa bado baridi. Penye jino dogo lililoachwa na kifaa cha kukatia kioo, ndipo kilipoachia. Nilikilipa mfukoni mwangu. Tangu hapo, stika inayomeza joto kwenye dirisha la jua naikubali juu ya kioo cha tempa tu, kile kilichoimarishwa kwa moto kiwandani, na nauliza kwanza kama mtengenezaji wa stika ameandika kwamba inafaa kwa aina hiyo ya kioo.

Vioo vya rangi, vile vya bluu na kahawia tulivyojaza mji mzima, vina shida ya ukoo huohuo: vinameza joto na kulirudishia ndani sehemu yake. Saa kumi na moja jioni weka kiganja kwenye kioo cha bluu kisha kwenye cha kawaida cha jirani. Na vile vya kung'aa kama kioo cha kujitazamia vinaficha mchana tu, kwa sababu nje kuna mwanga mkali kuliko ndani. Saa mbili usiku, taa zikiwaka, mambo yanageuka: wewe ndani unajiona mwenyewe kwenye kioo, na barabarani wanakuona wewe. Nimeshawahi kumtoa mteja nje usiku ili ajionee. Alimwona mkwewe anavyocheza na mtoto sebuleni kama yuko kwenye televisheni.

Nimekuwa mkali na kioo janja, nikitendee haki. Kina mahali pake. Chumba cha kulala chenye bafu ndani, penye ukuta wa kioo kati ya vyumba viwili. Mlango wa ofisi ya nyumbani. Dirisha la bafuni lililo kivulini. Huko hakuna pambano la jua, mnachotaka ni kujificha na kufunguka, na kazi hiyo kinaifanya vizuri mno. Kama baba Ivan ana hamu nacho, mpe bafu.

Na mkiamua kukiweka, haya yashikeni, maana hapa ndipo watu wanaumia.

Umeme ukikatika, kinakuwa cheupe. Hiyo ni hali yake ya asili, kwa hiyo faragha haiondoki na TANESCO. Kinachoondoka ni kuona nje. Umeme kinakula kikiwa kinang'aa, na ni kidogo, kama wati 5 kwa mita ya mraba. Kwa ukubwa wa dirisha lako ingekuwa chini ya wati 20. Ukikiacha kinang'aa kwa muda wa saa kumi na mbili kila siku, mwezi mzima ni uniti sita au saba za LUKU. Hilo lisikutishe. La kuangalia zaidi ni adapta: inatoa umeme wa AC wa makumi ya volti, mara nyingi karibu 60, unaopita kwenye ukanda wa shaba pembeni mwa utando. Hiyo siyo chaja ya simu. Ukanda ule ufunikwe usiguswe na maji wala kidole cha mtoto, na afungaye waya awe fundi umeme. Kama mna inveta ya sola, iwe ya wimbi safi, yaani inayotoa umeme laini kama wa TANESCO, la sivyo adapta itanguruma na haitadumu.

Adapta ndiyo inayokufa kwanza. Nina mteja aliyekaa wiki tatu na kioo cha maziwa akisubiri nyingine iagizwe, akawa anaenda jikoni kuangalia kama mvua inanyesha. Nunueni mbili siku hiyohiyo, ya pili ikae kabatini.

Dirisha lenu nadhani ni la kuslaidi. Hapo kuna kikwazo ambacho kijana wa duka hakukitaja: kila kipande kinachotembea kinahitaji waya unaotembea nacho, na waya unaopindwa kila siku unakatika. Stika ya namna hii ikae kwenye kioo kisichofunguka. Halafu kuna vumbi letu. Kubandika Agosti, upepo wa mashariki ukivuma, mchana, milango wazi, ni kujitafutia vipele. Kila chembe ya vumbi iliyonaswa chini itaonekana milele. Ibandikwe asubuhi na mapema, chumba kimefungwa, sakafu imepigwa deki na kukauka. Baada ya hapo ifutwe kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo. Dawa za vioo zenye amonia hapana, na maji yasichuruzike kwenye kingo, kwa sababu unyevu ukiingia pembeni utaona ukungu unaanza kutambaa kuelekea katikati.

Na msitarajie kitawasaidia kulala. Kikiwa cheupe hakipunguzi mwanga wa maana. Ivan akitaka usingizi wa mchana bado mtahitaji pazia. Pia mtu akisimama karibu kabisa na kioo usiku, taa ikiwa nyuma yake, kivuli chake kinaonekana nje, umbo lote. Kwa bafu, hilo lifikirieni kabla ya kupanga taa ikae wapi.

Kuna jambo moja la bure ambalo watu waliotoka Dar hulisahau, maana kule usiku nao ni joto. Hapa Oktoba na Novemba mchana unagonga nyuzi 30 na kupita, lakini alfajiri inashuka chini ya 20. Fungua madirisha ya mashariki na magharibi kuanzia saa tatu usiku, wavu wa mbu ukiwepo, upepo upite kati na kuta zipoe. Saa mbili asubuhi funga yote. Kuta za tofali zilizopoa usiku kucha zinakubebea ubaridi hadi alasiri, ilimradi zile pasi mbili za magharibi umeshazizima kwa luva. Kama upepo una vumbi, funga ya mashariki nusu. Hakuna dawa nyingine niliyoiona ya vumbi la Iyumbu zaidi ya majani mbele ya nyumba.

Kabla hujamlipa fundi, chukua kipande cha neti ya kivuli au hata kanga mbili kuukuu, zitundike nje ya dirisha kwa kamba kuanzia saa nane mchana, zisiguse kioo. Kaa kwenye hilo kochi saa kumi na nusu. Siku inayofuata zitundike ndani, mahali pa pazia, ukae tena saa ileile. Mwite na baba Ivan akae.